Nani Apewa Kusema Jukwaani? Sauti na Nafasi katika Michezo ya Kuigiza ya Kiswahili

Mchezo wa kuigiza ukiwa kitabuni ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili imo katika kinywa cha mwigizaji na sikio la mtazamaji. Shairi laweza kusomwa kimya na likatimia, na hadithi kadhalika. Lakini mchezo usiopata vinywa ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo mtu yeyote anayechagua mchezo, awe mwalimu wa shule, kiongozi wa kundi la vijana au mhariri wa shirika la vitabu, hachagui kisa peke yake. Achagua pia ni nani watakaosema mbele ya watu, watasema kwa muda gani, na kwa lugha ya namna gani. Jambo hili aghalabu husahauliwa. Michezo husifiwa kwa mafunzo yake na kwa dhamiri ya mtungaji, lakini hesabu ya vinywa haifanywi.

Yafaa hesabu hiyo ifanywe, kwa maana darasa la leo, Tanga au Machakos, Songea au Kisumu, lina wasichana na wavulana, watoto wa pwani na watoto wa bara. Mwalimu akiwapa mchezo wenye wanaume ishirini na wanawake wawili, basi wasichana wengi watakuwa washona mavazi na wapanga viti. Watajifunza somo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu, nalo ni kwamba kusema mbele za watu si kazi yao.

Mfano ulio wazi ni ule wa Shakespeare. Tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Julius Caesar ilitoka kwanza mwaka 1963, ikatengenezwa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na mwaka huo huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo zilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikira nzito za siasa na sheria, na kwa hilo zastahili heshima zilizopewa. Lakini katika Juliasi Kaizari, wenye kusema ni zaidi ya thelathini, na wanawake ni wawili tu, Portia na Calpurnia. Mmoja amwomba mumewe amfunulie siri, wa pili amsihi mumewe asitoke nyumbani. Wote wawili hawasikilizwi kwa muda mrefu, na mambo yaenda mbele bila yao. Sababu yajulikana: katika siku za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika majumba ya michezo ya London, na nafasi zao zilichukuliwa na wavulana. Mtungaji alikata nguo kulingana na kitambaa alichokuwa nacho. Kosa si lake. Kosa ni la anayeichukua nguo ile leo na kumvisha kila mtu bila kupima.

Michezo ya kwanza iliyotungwa na kupigwa chapa kwa Kiswahili ilikuwa na hali iliyokaribiana na hiyo. Mwaka 1957 ilitoka Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, na mwaka huo huo michezo ya Graham Hyslop, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Mchezo wa Kuria ulianza katika Alliance High School, shule ya wavulana huko Kikuyu. Mchezo uliozaliwa mahali pa namna hiyo hauna budi kuchukua alama za mahali pake. Mapenzi husemwa sana, lakini husemwa na wanaume zaidi kuliko wanawake.

Wala isidhaniwe kwamba Waswahili walikosa wanawake wenye sauti. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa na mwanamke wa Lamu mnamo mwaka 1858, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, sauti yake ikasikika tangu Unguja hata Kongo. Katika ngoma za lelemama na katika unyago wanawake walijitungia, wakajibizana, na wakaigizana kwa ustadi mkubwa. Sauti zilikuwapo. Zilizokosekana ni milango ya kuziingiza katika mchezo wa kuandikwa, kwa kuwa mchezo huo uliingia kwa njia ya shule, na shule kwa miaka mingi ilikuwa ya wavulana.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, yaonyesha vema jinsi mlango ulivyofunguliwa nusu. Mchezo huo, uhusuo Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, waanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza habari za njaa na taabu za nyumbani. Ni mwanzo wa busara. Kabla ya kusikia habari ya Wajerumani na bunduki, mtazamaji asikia chungu kitupu. Lakini vita vinapoanza kupangwa, mashauri yawa ya wanaume, na wale wawili warudi nyuma. Mtungaji aliona kwamba njaa ni neno la wanawake; hakuendelea kuwauliza wao walionaje dawa ya maji.

Hata hivyo mchezo huo wafundisha jambo kubwa juu ya sauti, ambalo watungaji waliofuata hawakulitumia vya kutosha. Kinjeketile akiwa amepagawa asema maneno yasiyokuwa yake. Aahidi kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili zinapomrudia ashtuka, aona kwamba kinywa chake kimetumiwa kuwapa watu bwana mwingine. Hapo swali la nani anasema lawa ndilo tendo lenyewe la mchezo. Mtu mmoja, sauti mbili. Na kati ya sauti hizo mbili watu waliangamia.

Baada ya kuona hayo, mchezo wafaa upimwe kwa mizani tatu. Ya kwanza ni ya uwezo: je, mhusika huyu akinyamaza, kisa kitabadilika? Mwanamke anayeleta chai na kuondoka, au mzee anayekohoa pembeni, ni kiti chenye miguu miwili. Ya pili ni ya lugha: je, mtu huyu ana usemi wake, au asema kama kila mtu mwingine? Ya tatu ni ya jukwaa: je, kundi la watu kumi na wawili, lisilokuwa na taa wala mapazia, laweza kuucheza? Mchezo wenye sifa mbili za kwanza na kukosa ya tatu utasifiwa katika vyumba vya kusomea na kufa huko huko.

Kwa mizani ya kwanza, kazi za Penina Muhando zastahili kutajwa mbele. Tangu Hatia ya mwaka 1972, alimweka mwanamke katikati ya tendo, tena bila kumfanya malaika. Lakini mchezo ufaao zaidi kwa haja hii ni Nguzo Mama, wa mwaka 1982. Katika kijiji cha Patata, wanawake wajaribu kuisimamisha nguzo. Wahusika wao waitwa kwa hesabu, Bi Moja, Bi Pili, na kuendelea hata Bi Nane, pamoja na Bi Msimulizi anayeunganisha mambo. Mtu aweza kudhani kwamba kuwaita watu kwa namba ni kuwanyima nafsi. Ukweli ni kinyume. Kila mmoja aja na shida yake, na shida hizo hazifanani. Ndiyo maana nguzo haiinuki kwa urahisi. Mchezo wakataa ile dhana ya uvivu kwamba wanawake wote ni mtu mmoja na wana neno moja. Mwalimu mwenye wasichana wengi hapati mchezo mwingine wa Kiswahili utakaowapa nafasi nyingi hivi za kusema na kupingana. Tena hauhitaji vyombo vingi: nguzo, kamba, na uwanja.

Mchezo wa pili wa kupendekezwa ni Natala wa Kithaka wa Mberia, uliotoka mwaka 1997. Natala ni mke aliyeambiwa kwamba mumewe amekufa. Shemejiye Wakene ataka kumrithi yeye pamoja na shamba. Mila, ambayo kwa wengi ni kivuli cha kujifunikia, hapa yawekwa mbele ya mwanamke na kuulizwa maswali. Nguvu ya Natala haiko katika hotuba. Iko katika kukataa kwake, neno moja moja, mtu mmoja mmoja. Mchezo huu wafaa kusomwa kwa kulinganishwa na Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1988, ambayo chanzo chake ni ile kesi ya Kenya juu ya maziko ya wakili S. M. Otieno, iliyokwisha mwaka 1987. Humo pia mjane, Martha, ashindana na ukoo juu ya maiti ya mumewe. Hussein amtazama mjane wake kama mtu aliyesimama ukingoni mwa dunia mbili. Mberia amtazama wake kama mtu aliyesimama juu ya ardhi yake mwenyewe na hataki kuondoka. Kwa mwigizaji kijana, nafasi ya Martha ni ngumu zaidi na yataka mtu mzima. Nafasi ya Natala yaweza kuigizwa na msichana wa kidato cha tatu na bado ikamtikisa mtazamaji.

Katika michezo ya karibuni zaidi, miwili imefika katika mikono ya wanafunzi wengi wa Kenya kwa sababu ya mitihani: Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa mpaka mwaka 2022, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoifuata. Yote miwili yafaa kutolewa katika madaftari ya mitihani na kurudishwa jukwaani.

Kigogo ni habari ya jimbo la Sagamoyo na mtawala wake, Majoka, aliyefunga soko ambalo watu walipata riziki. Wanaompinga waongozwa na msichana Tunu, pamoja na mchongaji Sudi. Wasomaji wengi humsifu Tunu, na ni haki kumsifu; lakini kwa mizani ya mchezo yeye si nafasi bora. Tunu ajua la kusema tangu mwanzo, na ajua hata mwisho. Mwigizaji wake hana pa kupanda wala pa kushuka. Nafasi bora ni mbili nyingine. Ya kwanza ni ya Ashua, mke wa Sudi, mwenye elimu ya ualimu lakini auza maembe sokoni. Shida yampeleka katika afisi ya mtawala, na kutoka huko hata kizuizini; na anapomlaumu mumewe kwa kuwa maskini mwenye msimamo, mtazamaji ashindwa kumlaumu. Je, msimamo wa mume walishwa na njaa ya nani? Hilo ni swali zito kuliko hotuba zote za maandamano. Ya pili ni ya Asiya, aitwaye Mamapima, mwuza pombe haramu, anayejua kucheka na wanyonge huku akipata fadhila za wakubwa. Mtu huyu si mwema wala si mwovu, ana biashara. Watungaji wa Kiswahili wamezoea kugawa watu katika makundi mawili, wanyonyaji na wanyonywaji, na mtu wa katikati kama Mamapima ni zawadi kwa jukwaa.

Bembea ya Maisha yaenda njia nyingine. Hakuna mtawala wala maandamano. Kuna nyumba moja. Sara ni mgonjwa, mumewe Yona amekuwa mlevi baada ya masimango ya watu kwa kukosa watoto, na kisha kwa kupata mabinti watupu. Binti yao Neema, aliyeolewa mjini na Bunju, ndiye anayebeba gharama za matibabu, na mkwe aona uzito. Swali la mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwe wake laonekana dogo kwa mtu wa mbali. Kwa aliyelelewa katika mila za namna hiyo ni jambo la aibu na heshima. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba wazee wapewa kusema kama wazee. Yona si mlevi wa kuchekesha. Ni mwalimu aliyeporomoka, na ulevi wake una historia. Katika michezo mingi mzee huwa ama mshauri wa methali ama adui wa maendeleo. Hapa ni mtu aliyeumia, na mwigizaji atakayemvaa atahitaji subira zaidi ya sauti kubwa.

Hayo ni kwa mizani ya kwanza. Kwa mizani ya pili, ile ya lugha, hakuna budi kusema kwamba michezo yote iliyosifiwa hapa ina upungufu ulio sawa. Mke wa mchongaji, mtawala, mlevi, daktari na mtoto wa shule, wote wasema Kiswahili kimoja, safi, chenye methali mahali pake na sarufi isiyokosea. Ukifunika majina ya wahusika kwa karatasi, mara nyingi hutaweza kujua ni nani anayesema. Sababu yake ina historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikachunga usawa wa maandishi. Kazi hiyo ilileta faida kubwa, kwani mtoto wa Bukoba na wa Malindi waliweza kusoma kitabu kimoja. Lakini lugha ya kitabu cha sayansi ni kitu kimoja, na lugha ya mtu anayegombana na mkewe ni kitu kingine. Kitabu chataka usawa, ugomvi hauutaki.

Nje ya jukwaa, Kiswahili kina vinywa vingi. Mtu wa Mvita hasemi kama mtu wa Makunduchi. Dereva wa daladala wa Dar es Salaam hasemi kama utingo wa matatu wa Nairobi. Mama wa Lubumbashi ana Kiswahili chake, kamili kwa mahitaji yake. Kijana wa mjini hubadili usemi wake mara tatu kwa siku, akiwa na mama yake, na mwalimu wake, na wenzake wa kijiweni. Mabadiliko hayo ndiyo mchezo wenyewe. Mtu aachaye usemi wa nyumbani anapoingia afisini ameeleza hali yake bila kuhitaji hotuba. Mtungaji anayemnyima hilo amemnyima mwigizaji chombo chake kilicho bora.

Huenda likaletwa jibu kwamba kutia lahaja na lafudhi jukwaani ni kuwafanya watu kichekesho. Jibu hilo si la kupuuzwa. Katika vichekesho vya redio na televisheni, kama vile Vioja Mahakamani vya Kenya, lafudhi ya mtu wa bara mara nyingi imekuwa ndiyo chanzo cha kicheko. Mtu afungua kinywa, na kabla hajasema neno la maana watu wamekwisha kuangua kicheko. Mwenye duka wa Kihindi, mlinzi wa usiku, mtumishi wa nyumbani, wote wamepitia tanuri hilo. Basi haishangazi kwamba mtungaji mwenye huruma huchagua kumpa kila mtu Kiswahili sanifu, kana kwamba amempa kila mtu kanzu nyeupe ya Idi.

Lakini heshima ya namna hiyo ni ya juu juu. Yasema kimya kimya kwamba mtu hawezi kuwa na akili mpaka aseme kama mwalimu wake. Tofauti ya kichekesho na sauti ya kweli haimo katika lafudhi; imo katika kile apewacho mtu kusema kwa lafudhi ile. Mlinzi akisema kwa lugha yake neno ambalo bwana mwenye nyumba hakuweza kulifikiri, hakuna atakayecheka lafudhi. Au wakicheka, kicheko kitakatika katikati. Hussein katika Mashetani ya mwaka 1971 alionyesha kwamba mchezo mmoja waweza kuwa na namna mbili za kusema, ile ya Shetani na Binadamu chini ya mbuyu na ile ya Juma na Kitaru katika maisha yao ya kila siku, na watazamaji wakafuata bila taabu. Kilichowezekana kati ya binadamu na shetani chawezekana kati ya mtu wa Pemba na mtu wa Dodoma.

Hofu ya mtihani nayo ina sehemu yake katika ubaya huu. Mchezo unaotarajiwa kuchaguliwa kwa shule huandikwa huku mtungaji akimwona msahihishaji nyuma ya bega lake, na wahusika huanza kusema kama wanaoandika insha. Wahariri wangeweza kupunguza hofu hiyo kwa kukubali kwamba kosa la mhusika si kosa la mtungaji. Mwalimu naye aweza kusaidia leo leo, bila kungoja kitabu kipya: awape waigizaji ruhusa ya kuyasema maneno ya Mamapima au ya Yona kwa ulimi wa mtaa wao, kisha darasa lijadili nini kimebadilika. Hapo somo la lugha na somo la mchezo yatakuwa somo moja.

Kwa anayetafuta mchezo wa kuanza nao, basi, ushauri ni huu. Penye wasichana wengi na vyombo vichache, Nguzo Mama. Penye mwigizaji mmoja hodari wa kike na kundi dogo, Natala. Penye kundi kubwa la vijana wenye hamu ya mambo ya utawala, Kigogo, lakini nafasi ya Ashua apewe aliye bora kuliko wote, si ya Tunu. Penye watu wazima, au vijana wenye utulivu, Bembea ya Maisha. Mchezo wowote kati ya hiyo ukichezwa mbele ya wazazi katika uwanja wa shule utafanya kazi ambayo masomo kumi ya muhtasari hayawezi kuifanya.

Na kwa watungaji lililobaki ni moja. Nafasi zimekwisha kuanza kugawanywa; mwanamke, mzee na mwuza pombe wamepewa viti jukwaani. Sasa wapewe na ndimi zao. Mgeni aliyekaribishwa ndani akaambiwa aseme kama mwenyeji bado hajakaribishwa.